Mahakama Mtandao: Kusogeza Haki kwa Mwananchi Bila Kuanika Faragha Yake

Na Mwandishi Wetu

Mageuzi ya TEHAMA katika Mahakama ya Tanzania yamefikia hatua ambayo mwananchi hawezi tena kuyatazama kama jambo la mawakili na mahakimu peke yao. Shauri linafunguliwa kupitia mfumo wa kielektroniki, ada inalipwa kwa simu ya mkononi, shahidi aliye mbali anatoa ushahidi kwa mkutano wa video, na uamuzi uliotolewa Bukoba unaweza kusomwa na mtu aliye Mtwara au ng'ambo bila kutia mguu masijala. Kila hatua kati ya hizo inapunguza safari, gharama na muda wa kusubiri. Kila hatua pia inaacha kumbukumbu yenye jina la mtu, namba yake ya utambulisho, maelezo ya ndoa yake, mali iliyoachwa na mzazi wake au taarifa ya daktari aliyemhudumia.

Mjadala wa iwapo teknolojia iingie mahakamani umepitwa na wakati, kwa kuwa imekwisha kuingia. Linalostahili kuchambuliwa sasa ni masharti yanayopaswa kuiongoza, ili mjane anayedai haki yake ya mirathi asilazimike kulipa haki hiyo kwa kuanikwa kwa maisha yake, na ili kijana aliyewahi kushtakiwa na kuachiwa huru asifuatwe na jina lake kila anapoomba kazi.

Kipimo kilichowekwa na Katiba

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haimtaki mwananchi achague kati ya haki na staha yake. Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapofanyiwa uamuzi na Mahakama au chombo kingine. Ibara ya 16 inalinda nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Ibara ya 107A inaitambua Mahakama kuwa mamlaka yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki, na inaielekeza, pamoja na mambo mengine, kutochelewesha haki bila sababu ya msingi na kutofungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki.

Zikisomwa kwa pamoja, ibara hizo zinatoa kipimo cha kupimia kila mfumo mpya. Mfumo unaoharakisha mashauri lakini ukamwacha nje asiye na simu janja haujatimiza Ibara ya 13. Mfumo unaomfikia kila mtu lakini ukamwaga siri za familia hadharani haujatimiza Ibara ya 16. Na mfumo unaolinda siri kiasi cha kuificha Mahakama yenyewe isionekane na wananchi unadhoofisha imani ya umma, kwa kuwa haki inatakiwa itendeke na pia ionekane kutendeka.

Safari ya maboresho

Maboresho yanayoonekana leo hayakuanza jana. Kuanzia mwaka 2016, Mahakama imekuwa ikitekeleza mradi wa maboresho ya huduma zake kwa mkopo wa Benki ya Dunia, sambamba na mipango mkakati ya miaka mitano mitano. Mwaka 2018 zilitungwa Kanuni za ufunguaji wa mashauri kwa njia ya kielektroniki, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 148. Kanuni hizo ziliweka msingi kwamba hati iliyowasilishwa kwenye mfumo kabla ya saa 6 usiku kwa saa za Afrika Mashariki ihesabiwe kuwa imewasilishwa siku hiyo. Kwa mdaawa aliyezoea kukimbizana na muda wa kufungwa kwa ofisi, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa.

Februari 2019, katika Siku ya Sheria, ilizinduliwa Mahakama Inayotembea, yaani magari maalumu yaliyotengenezwa kuwa vyumba vya mahakama, kwa kuanzia Dar es Salaam na Mwanza. Mwaka 2021 vilizinduliwa Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki vya Kinondoni, Temeke, Dodoma, Arusha, Morogoro na Mwanza, ambavyo vinaweka ngazi mbalimbali za Mahakama na wadau wake chini ya paa moja. Kituo cha Temeke kilitengwa mahsusi kwa mashauri ya ndoa, mirathi na familia.

Mwaka huo huo wa 2021 yalifanyika mambo mengine mawili yenye uzito. Kwanza, sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya Mahakama, isipokuwa pale ambapo mazingira ya haki yanadai vinginevyo. Pili, zilitungwa Kanuni za kuendesha mashauri kwa mtandao na kurekodi mwenendo kwa njia ya kielektroniki, kwa Tangazo la Serikali Na. 637. Siku ya Sheria ya mwaka 2022 ilibeba ujumbe wa safari kuelekea Mahakama mtandao, na mwaka 2023 ukaanza kutumika mfumo ulioboreshwa wa kielektroniki wa usimamizi wa mashauri.

Majirani nao wako njiani. Mahakama ya Kenya ilizindua ufunguaji wa mashauri kwa mtandao jijini Nairobi mwezi Julai 2020, na mwezi Machi 2024 ikatangaza kuueneza katika vituo vyake vyote nchini.

Faida iliyo wazi

Anayetaka kuelewa faida ya mageuzi haya na akumbuke faili la karatasi. Faili hilo lilikuwa moja. Likiwa mezani kwa hakimu, halikuwapo masijala. Likihamishwa kwa ajili ya rufaa, shauri la chini lilisimama. Na likipotea, mwananchi alitakiwa kuanza upya kukusanya nakala, au kukutana na mtu aliyemwambia kwamba faili "litatafutwa" kwa sharti la kutoa chochote. Mfumo wa kielektroniki unaondoa sehemu kubwa ya mwanya huo. Kila hati inapopokelewa hupata muda na tarehe yake, malipo hupitia kumbukumbu namba ya Serikali, na mabadiliko ya tarehe ya kusikilizwa hubaki kwenye kumbukumbu.

Mikutano ya video nayo imeleta nafuu kwa mahabusu. Mtu aliye gerezani ambaye shauri lake linatajwa tu, bila kusikilizwa, hana sababu ya msingi ya kusafirishwa kwa karandinga chini ya ulinzi ili asimame kizimbani dakika chache na kurudishwa. Gereza likiunganishwa na mahakama, gharama za mafuta na ulinzi hupungua, na kuahirishwa kwa mashauri kwa sababu ya kukosa usafiri huondoka. Daktari wa hospitali ya rufaa au mkemia anayetakiwa kueleza taarifa yake ya kitaalamu anaweza kufanya hivyo bila kuacha kituo chake cha kazi kwa siku mbili.

Kwa upande wa kuaminika kwa ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliondoa shaka kwamba ujumbe wa simu au barua pepe ungekataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Uzito wa ushahidi huo unategemea namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na unavyomtambulisha aliyeutuma. Hivyo muuza mazao aliyekubaliana bei kwa ujumbe mfupi ana mahali pa kusimama.

Nani anabaki nje ya mlango

Pamoja na faida hizo, mfumo unadai vitu ambavyo si kila mwananchi anavyo: simu janja au kompyuta, intaneti ya uhakika, barua pepe, Namba ya Utambulisho wa Taifa, na ujuzi wa kugeuza karatasi kuwa nakala ya kielektroniki. Wakili anavyo vyote. Mkulima wa kijiji kisicho na umeme wa uhakika, anayedai mpaka wa shamba lake, huenda hana hata kimoja.

Hapo ndipo suala la ufikiaji wa haki linapokutana na suala la faragha kwa namna ambayo haizungumzwi vya kutosha. Asiyekuwa na vifaa hukimbilia steshenari iliyo karibu na mahakama. Kijana wa steshenari hupiga nakala ya cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, hati ya nyumba na kiapo cha mwombaji. Mwombaji asipokuwa na barua pepe, akaunti hufunguliwa kwa barua pepe ya kijana huyo na wakati mwingine kwa namba yake ya simu. Kazi ikiisha, mwananchi huondoka na risiti, huku hati zake zote zikibaki kwenye kompyuta ya biashara inayotumiwa na watu wengi, na taarifa za tarehe ya shauri zikitumwa kwa mtu asiyehusika na shauri hilo.

Madhara yake ni mawili. La kwanza ni la faragha: taarifa za mirathi ni ramani ya mali ya familia, na zikiangukia mikononi mwa tapeli zinatosha kuanzishia udanganyifu. La pili ni la haki yenyewe: mdaawa asiyepata taarifa ya tarehe kwa sababu ujumbe umekwenda kwenye simu ya mtu mwingine anaweza kukuta shauri lake limefutwa kwa kutohudhuria.

Tiba ya hali hii si kurudi kwenye karatasi. Tiba ni dawati la msaada ndani ya jengo la mahakama, lenye mtumishi aliyekula kiapo cha kutunza siri, kompyuta ya umma inayofuta kumbukumbu za kila mtumiaji, na utaratibu unaomwezesha mwananchi kupokea taarifa kwa ujumbe mfupi wa kawaida kwenye simu ndogo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023 imewafikisha watoa huduma hao vijijini. Mafunzo yao yakijumuisha matumizi salama ya mifumo ya Mahakama, pengo hili litapungua kwa kasi kuliko kwa kununua vifaa pekee.

Mkutano wa video na macho yasiyoonekana

Chumba cha mahakama kimejengwa kwa sababu. Hakimu anamwona shahidi mzima, anaona nani ameketi nyuma yake, na anaona kama mshtakiwa ananong'onezana na wakili wake. Kioo cha simu au luninga kinaonyesha uso tu. Hakionyeshi mtu aliyesimama pembeni akimwelekeza shahidi la kusema, wala hakionyeshi kama mtoto anayetoa ushahidi yuko katika chumba kimoja na ndugu anayemtuhumu.

Kwa hiyo maswali ya kawaida kabla ya kuanza ushahidi kwa video hayana budi kuwa sehemu ya mwenendo: shahidi yuko wapi, nani yuko naye, ana karatasi gani mbele yake, na nani anarekodi. Kwa mahabusu, swali la msingi ni mawasiliano yake na wakili. Mteja aliye gerezani na wakili aliye mahakamani wakizungumza kupitia kipaza sauti kinachosikika na askari na waendesha mashtaka, siri kati ya wakili na mteja haipo tena. Njia ya pembeni ya mazungumzo ya faragha, hata ikiwa ni simu ya kawaida katika chumba kilichofungwa, ni sehemu ya haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na si fadhila.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari inaelekeza kwamba ushahidi katika mashauri ya makosa ya kujamiiana upokewe kwa faragha, na inaruhusu hatua za kuwalinda mashahidi, zikiwamo kutoa ushahidi kwa video na kutotaja utambulisho wao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka Mahakama ya Watoto ikae kwa faragha. Masharti haya yaliandikwa wakati mlango wa chumba ulitosha kuwa kinga. Katika kikao cha mtandaoni, mlango ni kiungo cha kujiunga na nywila yake. Kiungo kikisambazwa katika kundi la ujumbe, amri ya faragha inabaki kwenye karatasi tu. Na mtu aliyeunganishwa anaweza kurekodi kwa simu ya pili bila mtu yeyote kujua.

Hukumu mtandaoni: uwazi wa aina mpya

Tovuti ya TanzLII imewapa Watanzania kitu ambacho vizazi vilivyotangulia havikuwa nacho: kusoma bure maamuzi ya Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari na mwananchi anayejiwakilisha wanaweza kujua Mahakama imeamua nini katika suala linalofanana na lake. Tofauti za maamuzi zinaonekana, na majaji wanajua kwamba hoja zao zinasomwa. Huo ni uwajibikaji ambao nchi nyingi bado zinautafuta.

Hata hivyo, uwazi wa mtandaoni si sawa na uwazi wa masijala. Zamani hukumu ilikuwa ya umma, lakini aliyetaka kuisoma alipaswa kujua ipo, kwenda mahakamani, kuomba na kulipia nakala. Ugumu huo haukuandikwa katika sheria yoyote, lakini uliwakinga watu wasio na sifa ya umma. Leo mwajiri, jirani au mchumba anaandika jina katika mtambo wa kutafutia, na maelezo ya talaka ya miaka kumi iliyopita yanakuja mbele yake. Anayeyasoma hana haja na hoja ya kisheria. Anatafuta habari za mtu.

Katika makosa dhidi ya watoto na ya kujamiiana, Mahakama zetu zimejenga desturi ya kumtaja mwathirika kwa herufi za mwanzo za jina au kwa namba yake ya ushahidi. Desturi hiyo ni ya kupongezwa, lakini haijitoshelezi. Hukumu ikimficha mtoto kwa herufi mbili na kisha ikataja kijiji, shule, darasa na jina la baba yake aliyetoa ushahidi, kila mtu katika kata hiyo anamjua. Kuficha jina bila kuficha alama zinazomzunguka ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Mashauri ya madai ndiyo yaliyosahaulika zaidi. Katika mashauri ya ndoa hutajwa maradhi, utasa na uaminifu wa wenza. Katika mashauri ya kazi hutajwa taarifa za afya za mfanyakazi. Katika mirathi hutajwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Watu hao wengi hawakufanya kosa lolote, na baadhi yao si hata wadaawa.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2018, haichapishi majina ya watu binafsi katika mashauri yanayopelekwa kwake na mahakama za nchi wanachama ili itafsiri sheria. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2019, iliamua kwamba hukumu zitolewe bure kwa umma huku majina ya wadaawa ambao ni watu binafsi yakiondolewa. Marekani ilibakiza majina lakini, kwa kanuni za mwaka 2007 za mahakama za shirikisho, ikataka hati zinazowasilishwa zionyeshe tarakimu 4 tu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, mwaka tu wa kuzaliwa na herufi za mwanzo za majina ya watoto. Njia hizo zinatofautiana, lakini zote zinakubaliana katika jambo moja: umma una haki ya kujua Mahakama imeamua nini na kwa sababu gani, na haki hiyo haidai kila taarifa ya kila mtu aliyetajwa.

Mafunzo yanayoifaa Tanzania yanaweza kuwa mepesi kuliko yanavyoonekana. Hakimu au jaji anaweza kuandika hukumu akiwa tayari amejiuliza ni taarifa gani inahitajika ili uamuzi ueleweke. Namba ya kitambulisho, namba ya simu, namba ya akaunti ya benki na anwani kamili hazihitajiki kamwe katika nakala inayochapishwa. Majina ya watoto na taarifa za afya zinahitajika mara chache sana. Kwa namna hiyo hukumu inabaki na hoja zake zote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na mipaka yake

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka misingi inayogusa kila anayekusanya taarifa za watu: zikusanywe kihalali, kwa lengo mahsusi, kwa kiasi kinachohitajika tu, ziwe sahihi, zilindwe, na zisitunzwe kuliko muda unaohitajika. Sheria hiyo inazipa ulinzi wa pekee taarifa nyeti, zikiwamo za afya, za watoto na za makosa ya jinai. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024, ndiyo inayopokea malalamiko.

Sheria hiyo ina maeneo iliyoyaacha nje, yakiwamo yanayohusu utekelezaji wa sheria na amri za Mahakama. Aidha, Ibara ya 107B ya Katiba inalinda uhuru wa majaji na mahakimu katika kutekeleza mamlaka ya utoaji haki. Kwa hiyo haitarajiwi kwamba Tume itamwelekeza jaji aandike au asiandike nini katika hukumu. Steshenari, kampuni ya teknolojia inayotengeneza mfumo, ofisi ya uwakili na mtu anayenakili hukumu kwa wingi ili auze taarifa za watu hawana hadhi ya Mahakama, na hawawezi kujificha nyuma ya uhuru huo.

Kinachobaki ni Mahakama yenyewe kujiwekea sera moja ya uchapishaji wa maamuzi, itakayotumika sawa Songea na Shinyanga. Sera ya namna hiyo ingemwondolea hakimu mmoja mmoja mzigo wa kubuni, na ingempa mwananchi njia inayojulikana ya kuomba taarifa yake ifichwe kabla hukumu haijapakiwa mtandaoni. Kabla ni neno muhimu. Taarifa ikishanakiliwa na mitambo mingine, kuifuta katika tovuti moja hakuirudishi.

Akili Unde na silabi moja

Hatua inayofuata imeanza kuonekana. Mahakama imeanza kutumia mfumo wa Akili Unde wa kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, ili kumpunguzia hakimu kazi ya kuandika kwa mkono kila neno la shahidi. Nafuu hiyo ni ya kweli: hakimu anayeandika kutwa hawezi kumtazama shahidi usoni.

Lakini Kiswahili kina hatari yake. "Ameua" na "ameuawa" vinatofautiana kwa silabi moja, na silabi hiyo ndiyo inayomtenganisha mtuhumiwa na marehemu. "Alinipiga" na "alinipigia" ni mambo mawili tofauti. Mfumo uliozoea matamshi ya mjini unaweza kukosea lafudhi ya shahidi kutoka Sumbawanga au anayechanganya Kiswahili na lugha ya kwao. Kwa sababu hiyo nakala ya mashine haina budi kusomwa na kuthibitishwa na binadamu, na mdaawa awe na nafasi ya kuomba isahihishwe wakati kumbukumbu bado ni mbichi, si wakati wa rufaa.

Onyo kuhusu kutegemea mashine bila uhakiki limekwisha kutolewa kwingine. Mwaka 2023, mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja zenye rejea za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizobuniwa na programu ya Akili Unde. Mwananchi anayejiwakilisha kwa msaada wa programu kama hizo yuko katika hatari ile ile, tena bila elimu ya sheria ya kumwezesha kugundua kosa. Na kila anachokiandika humo kuhusu shauri lake anamkabidhi mtu wa tatu.

Mambo ya kuzingatia kwa mwananchi

Wakati sera zikiendelea kuimarishwa, yapo mambo ambayo kila mwenye shauri anaweza kuyafanya sasa:

- Fungua akaunti kwa namba yako mwenyewe ya simu na barua pepe yako mwenyewe. Kama huna, omba msaada masijala au kwa msaidizi wa kisheria kabla ya kutumia ya mtu mwingine.

- Ukihudumiwa steshenari, hakikisha nakala zako zimefutwa kwenye kompyuta na akaunti imefungwa kabla hujaondoka.

- Lipa ada kwa kumbukumbu namba ya Serikali pekee. Ada ya Mahakama hailipwi kwenye namba binafsi ya mtumishi wala ya wakala.

- Hakiki hadhi ya wakili katika mfumo wa e-Wakili kabla ya kumkabidhi hati zako. Kishoka akichukua nyaraka, amechukua pia taarifa za familia.

- Kama shauri lako linahusu mtoto, afya au unyanyasaji, iombe Mahakama mapema isikilize kwa faragha au itumie herufi badala ya majina. Usisubiri hukumu itoke.

- Mfumo ukikwama siku ya mwisho ya kuwasilisha hati, hifadhi picha ya kioo inayoonyesha tatizo na muda wake, na ufike masijala asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. Ukimya huhesabiwa kuwa uzembe.

- Usirekodi wala kusambaza kikao cha mtandaoni bila idhini ya Mahakama, hata kama unaamini unamsaidia ndugu yako.

- Taarifa zako zikitumiwa vibaya na ofisi au biashara binafsi, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mahakama Kuu imekuwapo tangu mwaka 1921, na katika sehemu kubwa ya muda huo mwananchi aliijua kwa umbali wake: safari ya siku nzima, foleni ya masijala, na lugha asiyoielewa. Umbali huo sasa unapungua, na lugha ni yake. Mafanikio ya hatua inayofuata hayatapimwa kwa idadi ya mashauri yaliyofunguliwa mtandaoni pekee. Yatapimwa pia kwa mama aliyenyanyaswa anayeamua kwenda mahakamani kwa sababu ana hakika kwamba atasikilizwa, na kwamba alichokisema mbele ya hakimu hakitamsubiri sokoni atakaporudi.